Skafu ya mawimbi: vitanzi vinaongezeka vyenyewe, nakosea wapi?

Mama Tumu, Njombe

Habari za jioni wana sindano. Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule, mwaka wa 11 huu, yale ya kijani na ya damu ya mzee, shingo ya V. Mbele (vitanzi laini), nyuma (vitanzi vya nundu), mbele, nyuma. Hata umeme ukikatika nafuma gizani. Ila vitundu sijawahi kuvifuma kwa makusudi. Vyangu vyote vilikuwa vya bahati mbaya.

Sasa mama mkwe anatimiza miaka 70 mwezi wa nane, na baridi ya huku miezi hiyo mnaijua. Nimesema safari hii sitampelekea sweta tena, nimfumie skafu ya kuvaa kanisani, yenye mawimbi na vitundu. Binti mmoja aliyesomea ushonaji kaniandikia hivi kwenye karatasi:

Anzisha vitanzi 60. Vitatu vya ukingo kila upande, hivyo vifume mbele siku zote. Katikati 54, yaani mafungu matatu ya 18.
Mstari wa 1: mbele wote.
Mstari wa 2: nyuma wote.
Mstari wa 3, kwa kila fungu: fuma viwili pamoja mara 3, zungusha uzi kwenye sindano halafu fuma kimoja, mara 6, fuma viwili pamoja mara 3.
Mstari wa 4: mbele wote.
Kisha unarudia.

Aliniambia ni rahisi, mstari mmoja tu kati ya minne ndio wenye kazi. Kweli rahisi! Baada ya mstari wa 3 nilihesabu nikapata 62. Nikajua ni macho, nikaendelea. Marudio ya pili, 64. Sasa niko marudio ya tano na nina vitanzi 70. Halafu kila mstari wa 3 nikifika mwisho kuna vitanzi vinabaki vya ziada: mara ya kwanza vilibaki 7 badala ya vile 3 vya ukingo, mara ya pili 9. Navifuma tu kawaida, nageuza.

Fungu la kwanza limesimama vizuri, la pili limeinama, la tatu limelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nimekaa nalitazama. Msaada tafadhali.

Sindano Moja

Pole dada. Hapo lazima unazungusha uzi mara mbili bila kujua. Kosa la kawaida sana kwa wanaoanza vitundu.

Cucu wa Limuru

Hapana, Sindano Moja, si hilo. Angekuwa anazungusha mara mbili angeona tundu moja kubwa kuliko wenzake, na hesabu isingepanda mbili mbili kwa adabu hivyo kila marudio.

Mama Tumu, swali lako zuri kwa sababu umehesabu. Wengi huja na "imeharibika" basi. Sasa sikiliza. Kwenye fungu moja unaongeza 6 kwa kuzungusha uzi na unapunguza 6 kwa kuunganisha viwili viwili. Inatoka sawa, 18 kwa 18. Ukizidi vitanzi 2, kuna mahali pawili hukuunganisha. Na skafu yenye mafungu matatu ina maungio mangapi? Mawili. Fungu la kwanza likiisha unaunganisha mara 3, na la pili linaanza kwa kuunganisha mara 3. Zikifuatana ni mara 6. Mimi nasema hapo katikati wewe unafanya mara 5.

Na hizo 7 zako zinathibitisha. Kila kuunganisha kunakula vitanzi viwili. Umeruka mara mbili, vimebaki vinne. Vinne na vitatu vya ukingo ni saba.

Mama Tumu, Njombe

Shikamoo Bibi. Nimechukua taa nikaangalia. Ni tano! Sehemu zote mbili, marudio yote matano. Vidole vimezoea, vikifika tano vinaamua vyenyewe kwamba imetosha. Mume wangu kaniuliza nacheka nini peke yangu.

Sasa nafumua yote?

Cucu wa Limuru

Marahaba mwanangu. Fumua yote. Ni mistari 20 tu, sweta la shule ungekwisha kulifumua mara ngapi?

Lakini ukianza upya, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye sindano kati ya fungu na fungu, kama kapete kadogo. Unakihamisha tu kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia, hakifumwi. Ukifika kwenye kapete unajua hapa ni mwisho wa 18, hesabu mpya. Mimi nakata mrija wa soda vipete vyembamba, wajukuu wananiletea.

Jambo la pili. Kila ukimaliza mstari wa 4, chukua uzi wa kushonea, tia kwenye sindano ya mkono, pitisha ndani ya vitanzi vyote 60 bila kuvitoa kwenye sindano ya kufumia. Uache hapo. Ukiharibu mbele, chomoa sindano bila woga, vuta uzi, kazi itasimama yenyewe kwenye ule uzi. Vitundu si kama sweta; kitanzi kilichotokana na kuzungusha uzi kikidondoka kinapotea, hukioni tena.

Unatumia sindano gani?

Mama Tumu, Njombe

Ninazofumia masweta, namba 10. Nilianza utotoni na spoki za baiskeli, kwa hiyo hizi naziona nene.

Cucu wa Limuru

Namba 10 zile za zamani za Kiingereza? Hizo ni milimita 3 na robo, nyembamba kwa kazi hii. Tafuta namba 8, au hata 6. Namba ikishuka sindano inanenepa, usije ukanunua 12. Kitundu kinataka nafasi ya kuonekana. Na ule mstari wa 4 unaofumwa mbele kwa upande wa nyuma ndio unaotoa lile tuta upande wa mbele, kama mtaro wa shamba. Ukikaza sana tuta linazama.

Mfumo wenyewe asili yake Shetland, visiwa vya Uskoti huko juu, penye upepo kuliko kwenu. Wanafuma shali nyembamba mpaka inapita kwenye pete ya ndoa. Wewe usifike huko, mama mkwe anataka joto.

Muuza Nyuzi Kkoo

Mimi huku Dar nasoma habari za skafu natokwa jasho. Ila niulize: uzi wako ni sufu au akriliki? Kama hujui, kata kipande kidogo uchome. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni akriliki. Sufu ukimaliza unailowanisha, unaitandaza juu ya godoro na kuibana kwa pini mpaka ikauke, mawimbi yanafunguka. Akriliki ukiifanyia hivyo ikikauka inarudi ilivyokuwa.

Cucu wa Limuru

Na asije akaipiga pasi kuilazimisha. Niliwahi kufanya hivyo na shali ya mtoto, pasi ya mkaa, moja kwa moja. Ililala bapa kama karatasi ya nailoni, matuta yote kwisha. Tandika kitambaa kibichi juu, pasi iwe karibu bila kugusa, mvuke ufanye kazi.

Mama Tumu, Njombe

Nimechoma. Kidonge kigumu.

Basi mvuke. Nimepata namba 8 kwa jirani, vitanzi 60 viko kwenye sindano, vipete vya mrija viwili, kimoja cha njano kimoja chekundu. Mstari wa 3 wa kwanza nimeumaliza sasa hivi: 60. Nimehesabu mara mbili, na Tumu naye kahesabu. Kapata 59, lakini yeye yuko darasa la kwanza.