Kijana darasani anauliza mstari wa Matendo 8:37 umeenda wapi. Nimjibuje?

MwalimuWaVijana

Wapendwa, shalom. Naomba msaada wenu kabla ya Jumapili.

Nafundisha darasa la vijana kanisani, wengi wao wa miaka 14 hadi 17. Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi, tunasoma kwa zamu, kila mtu mstari wake. Tukafika mstari wa 36, towashi anauliza, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Kijana aliyefuata alikuwa anasoma kwenye simu. Akaendelea, "Akaamuru lile gari lisimame..." Binti aliyekaa pembeni yake akamkatiza: umeruka mstari. Jamaa akasema hajaruka kitu. Wakalaza simu juu ya Biblia ya kitabu, vichwa vyote vikasogea. Kwenye simu, baada ya 36 inakuja 38. Kwenye kitabu 37 upo, ila umewekwa ndani ya mabano ya mraba.

Kijana akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ile video ni ya kweli, kwamba kuna watu wanafuta mistari ya Biblia?" Kabla sijajibu akaongeza, "Na kama wamefuta huu, nitajuaje mingine iko salama?"

Nikamwambia swali ni zuri na tutalijibu Jumapili ijayo kwa ushahidi. Mzee mmoja wa kanisa ameshauri niwaambie waache Biblia za simu, basi. Sidhani kama hilo ni jibu. Huyu kijana ni msomaji, nikimfunga mdomo ataenda kuulizia kwingine.

Naomba kujua ukweli wenyewe, na jinsi ya kuueleza kwa watoto wa umri huo. Ubishi wa tafsiri ipi ni bora naomba tuuache.

SautiYaNyikani

Mtumishi, usizunguke. Soma Ufunuo 22:19, mtu akiondoa lolote Mungu atamwondolea sehemu yake. Huo mstari ndio unaosema lazima uamini kwa moyo wako wote ndipo ubatizwe, na wameutoa makusudi. Angalia pia Mathayo 17:21 ya kusali na kufunga, imekwenda. Mathayo 18:11, imekwenda. Waambie vijana wafute hizo programu.

KalamuNaWino

Ndugu mwalimu, nilipita chuo cha Biblia na somo la nakala za kale ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Anza na hili: hatuna karatasi aliyoiandika Luka kwa mkono wake. Tuna nakala za nakala. Kabla ya mashine ya uchapaji, kila Agano Jipya lilinakiliwa kwa mkono, na leo zinajulikana nakala zaidi ya 5,000 za Kigiriki, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Hakuna mbili kubwa zinazolingana herufi kwa herufi. Tofauti nyingi mno ni za tahajia na mpangilio wa maneno, mambo ambayo kwenye tafsiri hata hayaonekani. Chache ni za mstari mzima, na Matendo 8:37 ni mojawapo.

Mstari huo haumo kwenye papiri ya karne ya 3 ambayo wataalamu huiita P45. Haumo kwenye Codex Vaticanus wala Codex Sinaiticus, vitabu viwili vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, vyote vya karne ya 4. Hiyo ya Sinaiticus ilikuwa kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai, na sehemu yake kubwa sasa iko London. Na si nakala za zamani tu. Hata nyingi za karne za baadaye hazina mstari huo. Umo kwenye chache, mojawapo ya karne ya 6.

Sasa uliingiaje kwenye Biblia zetu? Mwaka 1516 msomi mmoja, Erasmus, alichapisha Agano Jipya la Kigiriki huko Basel, akitumia nakala chache alizozipata karibu. Mstari huu aliukuta umeandikwa pembeni mwa ukurasa kwenye nakala mojawapo. Akaona huenda mnakili aliusahau, akauingiza ndani. Toleo lake likawa msingi wa matoleo mengine yaliyozaa tafsiri nyingi, ikiwemo ile ya Kiingereza ya mwaka 1611. Mwaka 1551 mchapaji Mfaransa Robert Estienne akagawa Agano Jipya katika mistari yenye namba, na kwa kuwa sentensi hiyo ilikuwamo, ikapata namba yake, 37.

Baadaye nakala za kale zaidi zilipochunguzwa, watafsiri wakaona haikuwamo tangu mwanzo. Wangeweza kusogeza namba, 38 iwe 37, lakini vitabu vyote vya dunia vinavyotaja Matendo 8:38 vingepotea. Ndiyo maana wakaacha pengo. Wengine wakauweka kwenye tanbihi, wengine kwenye mabano, kama Union Version ya mwaka 1952 iliyo mkononi mwa yule binti. Mtu anayeficha kitu haachi namba yake wazi ili kila msomaji aone kuna kitu hapa.

@SautiYaNyikani, ndugu yangu, umenukuu Ufunuo 22:19. Panda mstari mmoja juu, 22:18 inaonya juu ya kuongeza. Kwa hiyo lazima kwanza tujue kilichokuwamo. Hatuwezi kuanzia na Biblia tuliyoizoea na kuhesabu kila tofauti kuwa wizi.

Msharika73

Hivi, hiyo sura ya 8 yenyewe si ina mstari wa 12? "Lakini walipomwamini Filipo... wakabatizwa, wanaume na wanawake." Anayetaka kufuta imani kabla ya ubatizo amesahau kufuta mistari 25 juu yake?

SautiYaNyikani

@KalamuNaWino unaongea vizuri lakini hujamaliza. Irenaeus, askofu wa kanisa la mwanzo, aliunukuu mstari huo karne ya 2. Karne ya 2! Kabla ya P45 yako, kabla ya Vaticanus yako. Jibu hilo.

KalamuNaWino

Hapo umenena, na ni hoja nzito kuliko video zote zinazozunguka. Ni kweli, Irenaeus ana ungamo la yule towashi, kwamba anaamini Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia vijana kwamba mstari huu ni uzushi wa juzi. Ni maneno ya zamani sana.

Ila uzee wa maneno ni jambo moja, na Luka kuyaandika ni jambo la pili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hili ni ungamo la ubatizo kama lilivyosemwa makanisani. Msomaji anafika pale towashi anauliza kinachomzuia, na jibu la Filipo halipo, tunaambiwa tu gari limesimama. Mtu akaandika pembeni jibu ambalo kila mbatizwa alilijua. Anayekuja kunakili baada yake anakuta maneno pembeni, hajui ni maelezo au ni mstari uliosahauliwa, anayaingiza asije akapoteza Neno. Wanakili waliogopa kupoteza kuliko kuzidisha. Kinyume chake ni kigumu kueleza: kwa nini nakala nyingi hivyo, za mahali mbalimbali, zote ziache ungamo zuri namna hii?

Kuhusu Mathayo 18:11, maneno hayo yako Luka 19:10, hayajaenda popote. Na Mathayo 17:21 ikiwa kwenye tanbihi, kufunga hakujafutwa. Mathayo 6:16 Yesu anasema "mfungapo", na 9:15 anasema siku zitakuja ndipo watafunga. Funga yako iko palepale, ndugu.

MkatolikiTu

Niongeze mfano ambao vijana wanaujua kwa kichwa. Baba Yetu. Ule mwisho wa "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu" kwenye Mathayo 6:13 ya Union Version uko ndani ya mabano hayohayo, kwa sababu hiyohiyo. Sisi tunaposali Baba Yetu tunaishia "maovuni", na kwenye Misa yale maneno mengine watu huyasema baadaye kidogo, baada ya sala ya padre. Ni maneno ya kale, Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo, ina yanayofanana nayo. Sala ya kanisa ikaingia kwenye ukurasa.

MamaWatatu

Mwalimu, karne na majina ya nakala ni mazuri kwako wewe, uyajue. Ukiyamwaga yote darasani utawapoteza dakika ya tano. Mimi nimelea vijana watatu, na nimefundisha darasa kama lako. Huyo mtoto alikuuliza maswali mawili, na la pili ndilo linalomsumbua: nitajuaje mingine iko salama?

Fanya zoezi. Wape Ezra sura ya 2, ile orodha ya wana wa fulani. Wachache wanakili mistari kumi ya kwanza kwa kalamu, kwa haraka, kutoka kwenye Biblia. Wengine wananakili kutoka kwa hao. Kisha funga Biblia na uwaambie darasa zima warudishe orodha ya asili kwa kulinganisha makaratasi tu. Watakuta makosa mengi. Na watayajua ni makosa, kwa sababu watu hawakosei wote mahali pamoja. Ndipo umwambie, karatasi ikiwa moja tu, huwezi kujua imekosewa wapi. Zikiwa nyingi zinaumbuana.

Kisha fungua simu ya yule kijana mbele ya wote, ubonyeze kile kialama kidogo mwishoni mwa mstari wa 36. Kama programu yake ina tanbihi, mstari wa 37 utatokea hapohapo.

KalamuNaWino

Zoezi la MamaWatatu lishike. Ombi moja tu: usiishie kwenye mistari midogo. Mwishoni mwa somo waambie wewe mwenyewe kwamba kuna sehemu mbili kubwa za namna hii, Marko 16:9-20, na habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11. Kila moja ina mistari 12. Vaticanus na Sinaiticus zinaishia Marko 16:8, na ile habari ya Yohana hazina. Wakizigundua kwenye video baada ya wewe kunyamaza, hata yale ya kweli uliyowaambia watayatilia shaka.

Msharika73

Na usimwambie "wewe amini tu". Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza, Matendo 17:11, na aliyekuwa anawahubiria ni Paulo.

MwalimuWaVijana

Wapendwa, nawarudishia majibu. Zoezi la Ezra limefanyika.

Binti mmoja aliandika wana wa Paroshi, kisha moja kwa moja wana wa Ara. Shefatia hayupo. Wenzake wakamcheka, yeye akaapa hakuruka. Tulipofungua Biblia tukaona sababu: Paroshi inaishia "sabini na wawili", na Shefatia nayo inaishia "sabini na wawili". Aliandika ya kwanza, jicho liliporudi kitabuni likatua kwenye ya pili, akaendelea na Ara. Aliyenakili kutoka kwake naye hana Shefatia, bila kosa lake. Makaratasi mengine yote yalikuwa nayo, ikachukua dakika mbili kumrudisha.

Tanbihi ya simu ilikuwepo. Kijana akaisoma kwa sauti, akauliza kwa nini ile video haikuonyesha hapo.

Niliwatajia Marko na Yohana kama ulivyoshauri, @KalamuNaWino. Yohana walipokea vizuri. Marko imenitoa jasho. Wanataka kujua, kama 16:8 ndio mwisho, inakuwaje Injili iishie na wanawake wanakimbia kaburini wakiogopa?

KalamuNaWino

Hilo hata wataalamu hawajakubaliana. Kuna wanaoamini ukurasa wa mwisho ulipotea mapema, kuna wanaoamini Marko aliishia hapo kwa makusudi. Waambie hivyohivyo. Kisha wasome 16:6-7 kwa utulivu: kabla hawajakimbia, wameshaambiwa "amefufuka", na wameshatumwa wawaambie wanafunzi kwamba anawatangulia kwenda Galilaya. Ufufuo umo kabla ya mstari wa 9.

SautiYaNyikani

Mimi nabaki na Union Version yangu. Lakini hilo zoezi la Ezra, mama, unalifanya na watoto wa umri gani?

MamaWatatu

Kuanzia miaka kumi, baba. Wadogo zaidi wape mistari mitatu tu, na penseli, si kalamu ya wino.