Miezi sita ya utafiti Bremen, Oktoba hadi Machi: nijipange vipi na maisha ya kila siku?

Mwani_na_Maji

Habari zenu wakuu. Nasoma uzamili wa sayansi ya bahari. Nimepata nafasi ya mafunzo ya utafiti kwa miezi sita katika maabara moja mjini Bremen, Ujerumani, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi. Kazi yenyewe ni kupima kaboni na naitrojeni kwenye mwani wa cottonii uliovunwa Unguja. Barua ya mwaliko ninayo, na posho ya kila mwezi imethibitishwa.

Nisichokijua ni maisha yenyewe yatakavyokuwa. Wiki ya kwanza nianze na lipi? Nishike pesa kiasi gani kabla posho haijaingia? Nile wapi (mimi ni Mwislamu)? Nivae nini? Na sampuli je, naweza kupanda nazo ndege? Naomba wanaolijua jambo hili waniandikie kwa undani, hata mambo madogo.

Kando_ya_Weser

Hongera dada. Kabla ya yote waandikie hao wenyeji wako swali moja: utasajiliwa chuoni kama mwanafunzi wa muda, au utapokewa kama mtafiti mgeni? Mambo mengi yatafuata jibu hilo. Aliyesajiliwa analipa ada ya muhula, na ndani yake mara nyingi mna tiketi ya usafiri. Anaweza kuomba chumba cha hosteli ya wanafunzi, na kwenye bwalo la chuo, Mensa, anakula kwa bei ya mwanafunzi. Mtafiti mgeni hulipa bei ya mfanyakazi au ya mgeni, tiketi anajinunulia mwenyewe, na bima ya afya ya umma kwa wanafunzi haimhusu. Hata kwa waliosajiliwa, bima hiyo ya bei nafuu ina ukomo wa umri wa miaka 30. Mgeni hutafuta bima binafsi, na ubalozi utataka kuiona kabla ya kukupa viza. Kwa kuwa unakaa zaidi ya siku 90, unahitaji viza ya kitaifa, siyo Schengen ya kawaida, ile ya muda mfupi. Ukiipokea, soma tarehe zake pale pale dirishani. Ikiwa inaishia Februari, omba irekebishwe kabla hujaondoka, maana kuongeza muda ukiwa kule ni foleni nyingine kabisa.

Ukishafika, jambo la kwanza ni kujisajili kama mkazi, wanaita Anmeldung. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Unakwenda ofisi ya huduma kwa wakazi na pasipoti, fomu, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Nafasi ya miadi unaikata mtandaoni, nayo huadimika mno Oktoba wanafunzi wanapomiminika mjini. Ikate ukiwa bado nyumbani, mara tu utakapoijua anwani yako. Cheti cha usajili ndicho ambacho benki nyingi zitakidai, na namba ya kodi (ya mlipakodi, siyo ya pango) hutumwa kwa posta wiki chache baada ya hapo.

Hapo kwenye posta ndipo wageni wengi wanapokwama. Kule anwani haina namba ya chumba. Mleta barua anatazama jina la ukoo lililobandikwa kwenye sanduku lako la barua na kwenye kengele ya mlango. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka, na ndani yake pengine kulikuwa na kadi ya benki, namba ya siri au hiyo namba ya kodi. Siku unayohamia, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike hata kwa utepe wa gundi. Majina yetu matatu huwachanganya: ikiwa pasipoti inaonyesha jina la babu kama la ukoo, tumia hilo kila mahali, usibadilishe leo hili kesho lile. Na bahasha ya njano ni barua rasmi yenye siku za mwisho, zinazohesabiwa tangu ilipotumbukizwa sandukuni. Usiiweke kiporo hata kama hujui Kijerumani. Ipige picha, itafsiri kwa simu, kisha muulize mtu wa ofisi ya wageni ya taasisi yako.

Pesa: dhamana ya chumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu kisheria, ingawa hosteli hutoza pungufu ya hapo. Jumlisha dhamana, kodi ya mwezi wa kwanza na chakula cha wiki nne, hicho ndicho kiasi unachotakiwa kukifikia bila kutegemea posho. Benki ya nyumbani ikufungulie kadi kwa matumizi ya nje na ikuongezee kikomo cha siku. Bado beba euro 200 au 300 taslimu, kwa kuwa maduka madogo mengine hupokea kadi za benki za kule tu.

FundiSampuli

Nazungumzia maabara na sampuli, mengine nawaachia wenzangu.

Kusafiri na mwani mkavu kunawezekana, lakini karatasi zitangulie. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya malighafi ya kibayolojia ya nchi nyingine, ilianza kutumika Oktoba 2014, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake, namba 511 ya mwaka 2014, inayomtaka mtafiti aonyeshe kwamba malighafi ya kibayolojia imetoka kwa kibali cha nchi yake. Kwa hiyo kusanya kibali cha utafiti, kibali cha kutoa sampuli nchini, na makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyosainiwa na chuo chako na maabara inayopokea. Saini za vyuo huchukua miezi, kwa hiyo anza leo. Maabara makini haitagusa mfuko wako bila hayo, na jarida la kisayansi nalo linaweza kuyauliza baadaye. Nakala moja weka begi la mkononi, nyingine ndani ya kifurushi.

Usibebe kitu ndani ya ethanoli kienyeji, ni mzigo wa hatari kwenye ndege. Barafu kavu inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, tena kwa idhini ya shirika la ndege, lakini kwa kazi yako huihitaji. Kausha hapa hapa nyumbani: oveni nyuzi 60, saa 24 hadi 48, mpaka uzito usibadilike ukipima mara mbili mfululizo. Mwani ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo gramu 10 mbichi zitakupa takriban gramu moja kavu. Panga kiasi kwa hesabu hiyo.

Ule wa kuanikwa juani usiuchukue ulivyo. Una ganda jeupe la chumvi, na chumvi hiyo inaongeza uzito bila kuongeza kaboni, basi asilimia zako zote zitashuka. Suuza mwani mbichi kwa maji yaliyochujwa, sekunde chache tu, kisha ukaushe. Ukiuloweka, unapoteza sehemu ya naitrojeni unayokwenda kuipima. Pia cottonii mkavu hunyonya unyevu upesi. Mifuko miwili ya zipu, kifuko cha silika katikati, na lebo ndani na nje: jina la aina, mahali, tarehe, namba. Andika ya ndani kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi hufutika ukiguswa na ethanoli, na kule kila meza inapanguswa kwa ethanoli.

Ukifika, hutafanya kazi siku ya kwanza. Kuna mafunzo ya usalama, unasaini, ndipo unapewa ufunguo. Mashine zina kalenda ya kuhifadhi zamu, na mashine ya kaboni na naitrojeni ndiyo inayogombewa kuliko zote. Wiki yako ya kwanza hifadhi zamu za Novemba na Desemba. Kati ya Krismasi na mwaka mpya taasisi nyingi hufunga, kwa hiyo toa wiki mbili kwenye ratiba yako tangu sasa.

Kazi yenyewe iko hivi. Unasaga mwani kwenye kinu cha mipira, yaani chenye vigololi vigumu ndani, hadi uwe vumbi laini. Ukiwa haujakauka vizuri, utanata ukutani mwa kinu kama uji na utaosha kinu nusu siku. Halafu unapima miligramu 2 hadi 3 kwenye kikombe kidogo cha bati, unakikunja kwa vibanio viwili mpaka kiwe kijitufe kisicho na ncha. Usikiguse kwa vidole hata mara moja, mafuta ya ngozi yana kaboni na naitrojeni. Dondosha kila kijitufe juu ya kioo safi kabla ya kukiweka kwenye trei: ukiona vumbi limebaki kiooni, kimevuja, rudia. Trei ina vishimo 96. Chora ramani yake kwenye daftari kabla hujaanza, kwa sababu ukiruka kishimo kimoja majibu yote yanayofuata yanahama.

Ikiwa mwani ulikuwa na vijidudu au vipande vya chokaa juu yake, gawanya sampuli. Nusu ipimwe bila kuguswa, kwa ajili ya naitrojeni. Nusu nyingine itiwe asidi kuondoa chokaa, kwa ajili ya kaboni ya mwani wenyewe. Hii ya asidi iingie kwenye kikombe cha fedha, kwani asidi inalitoboa bati.

Daftari la maabara hubaki kwao. Kubaliana na msimamizi mapema, kwa maandishi, nakala gani utaondoka nayo na jina lako litakaa wapi kwenye makala.

BiMkunazini

Waalaikum salaam mwanangu, hukusalimia hivyo lakini nimeona ni Mwislamu.

Nyama ya halali utaipata kwenye maduka ya Waturuki na Waarabu, Bremen wapo wengi. Unga wa sembe, muhogo, ndizi za kupika na mafuta ya mawese yamo kwenye maduka ya Kiafrika, wenyewe wanayaita Afroshop. Bei ni kubwa kuliko supamaketi, kwa hiyo huko nenda kwa unga tu. Mchele, dengu, vitunguu na nyanya za kopo nunua supamaketi za bei nafuu, Lidl au Aldi. Mensa huweka alama kwenye kila chakula, zisome. Siku usiyo na uhakika, kula kisicho na nyama. Tazama na jelatini kwenye peremende na mtindi.

Sala zinataka mpango. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika kumi jioni. Adhuhuri huingia saa sita na dakika ishirini na kitu, Alasiri karibu saa nane mchana. Yaani Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinakukuta kazini. Mwambie msimamizi wako siku za mwanzo kwamba unahitaji dakika kumi mara tatu, na uulize chumba kitulivu. Usipange kukunja vikombe saa kumi kamili. Ramadhani ikiangukia Februari, saumu ni fupi kuliko ya Unguja. Kuhusu simu za nyumbani, wao wako nyuma yetu saa moja hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kisha saa mbili mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi.

Baridi ya Bremen ni ya mvua na upepo, theluji ni kidogo. Koti zito la mitumba la Karume litakusaidia, ila likinyonya maji ni mzigo. Tafuta la juu lisilopitisha maji, ndani vaa sweta, chini kabisa fulana ya mikono mirefu. Viatu pia visipitishe maji, viwe na nafasi ya soksi nene.

Chumbani, kipasha joto kina namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha. Fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, na kila ukimaliza kupika au kuoga, huku umezima kipasha joto. Usiliache limeegama, limefunguka kidogo tu, nusu siku nzima, ukuta unapoa na mvuke wa wali unageuka maji juu yake. Ukungu mweusi ukiota pembeni mwa dirisha, dhamana yako inakatwa.

Mwani_na_Maji

Allah awalipe, shikamoo Bi Mkunazini. Nina jambo moja: nimepata chumba kwenye nyumba ya watu watatu, bei nzuri, ila mwenye nyumba kasema nisijisajili kwa anwani hiyo. Pia anataka dhamana itumwe kabla sijafika. Nifanyeje?

Kando_ya_Weser

Kiache. Mwenye nyumba analazimika kisheria kukupa ile karatasi, na bila usajili benki na namba ya kodi vinakwama. Kutuma dhamana kabla ya kuona chumba na kusaini mkataba ni njia ya matapeli inayojulikana mno. Omba ofisi ya wageni ya taasisi ikutafutie nyumba ya wageni ya chuo kwa mwezi wa kwanza hata kama ni ghali, utafute kingine ukiwa pale. Mkataba uwe wa muda maalumu unaoishia Machi. Ule usio na ukomo unadai taarifa ya miezi mitatu.

MsafiriWaGari6

Niaje. Naongeza machache ya barabarani. Tramu namba 6 inaunganisha uwanja wa ndege, stesheni kuu na chuo, stesheni hadi chuo ni kama robo saa. Kama huna tiketi ya mwanafunzi, Deutschlandticket ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, inabeba tramu, mabasi na treni za mikoa, lakini haitumiki kwenye treni za masafa marefu, ICE na IC. Ni usajili unaojirudia: kuifuta mwisho wa Machi, bonyeza kabla ya tarehe 10 Machi. Simu ikizima huna tiketi, na faini ni euro 60.

Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa machache ya stesheni. Fanya shopping Jumamosi. Chupa nyingi za plastiki na makopo yana amana ya senti 25, rudisha kwenye mashine ya supamaketi bila kuyaponda.

Wiki chache baada ya usajili itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli. Inalipwa mara moja kwa nyumba, kwa hiyo kama mwenzako analipa, jibu barua kwa namba yake ya malipo. Ukinyamaza, deni linaongezeka.

Daktari usiku au wikendi: 116117. Dharura: 112. Kwa bima binafsi mara nyingi unalipa kwanza kisha unadai, so tunza kila risiti.

Kabla ya kuondoka kuna kujiondoa kwenye daftari la wakazi, kuanzia wiki moja kabla ya safari. Cheti chake ndicho kinachokatisha hiyo ada ya redio. Akaunti ya benki iache wazi hadi dhamana irudi, inaweza kuchukua miezi kadhaa, na wengi hawapendi kuituma moja kwa moja Tanzania.