Mrejesho: shokapu za guta langu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza kuhusu guta langu (pikipiki ya matairi matatu) la kubebea dagaa hapa Mwanza, kutoka Mwaloni pale Kirumba kwenda Igoma: kila tuta linagonga mbele, kho!, usukani unataka kunitoka mkononi. Wengi mlisema nifunge shokapu nzito mbele. Mmoja akasema niongeze jani la springi (bapa la chuma) nyuma.

Nikaanza na jani, kwa sababu ni rahisi. Nilikosea. Guta likiwa tupu likawa linaruka kama mbuzi. Mke wangu alipanda mara moja tu, akashukia Mabatini akatafute daladala. Kumbe springi ndiyo inayobeba mzigo, shokapu kazi yake kutuliza mruko. Mimi nimekaza springi, shokapu zilezile zilizochoka.

Fundi alipofungua za mbele, oili ilitoka kidogo sana, nyeusi tii, na mchanga ndani. Sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilishakatika zamani. Tukafunga shokapu mpya nene zaidi mbele, oili akaipima kwa kikombe ili kulia na kushoto zilingane (hapo alinikosha). Nyuma tukabadilisha shokapu zote mbili na kulitoa lile jani.

Sasa nikikandamiza usukani na kuachia, linapanda mara moja, linatulia. Kugonga hakuna, hata nikiwa na mzigo.

Aliyeniambia nipunguze magunia mawili: nimekusikia mkuu, ila bado.