Kanali mstaafu ndani ya riwaya ya Newala: naomba mnisahihishe

Mlima_Makonde:

Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya inayotokea Newala na Lindi, msimu wa korosho wa 2018. Mhusika mkuu ni kanali mstaafu wa JWTZ aliyerudi kijijini, ananunua korosho, na kila mtu anamwita "Kanali" hadi jina alilopewa na wazazi linaanza kusahaulika. Babu yake alikuwa askari wa Mjerumani na alipigana Mahiwa, kwa hiyo sura moja ni ya 1917.

Nataka kujua kanali hasa huamrisha nini, na cheo hicho kiligeukaje kuwa chapa ya biashara huko duniani. Pia nitajie makanali wa kwenye vitabu ambao msomaji atawakumbuka tu, nisije nikawarudia bila kujua.

Nyangao_17:

Mkuu, anza na idadi ya watu. Platuni ni ya luteni, kombania ni ya kapteni au meja. Batalioni, yaani watu mia kadhaa hadi kama elfu moja, katika mfumo tulioachiwa na Waingereza kwa kawaida iko chini ya luteni kanali. Kanali kamili mara nyingi yuko makao makuu, au ni mwambata wa kijeshi ubalozini, ingawa utawakuta pia makanali wakiongoza vikosi. Hapa Mtwara tumewaona hata kwenye kiti cha Mkuu wa Mkoa: Kanali Ahmed Abbas Ahmed, kisha Kanali Patrick Sawala.

Kosa la waandishi wengi ni kumweka kanali mbele ya platuni, bastola mkononi, anapiga kelele. Nguvu yake iko kwenye ramani, mafuta, posho, magari na saini. Mtu huyo akistaafu, anachojua kuliko jirani zake wote ni kupanga malori na kuhesabu magunia. Hapo ndipo ujenge biashara yake, itasadikika.

Mazungumzo nayo yaangalie. Askari wa chini kwa kawaida humwita "Afande". Anayemwita "Kanali" uso kwa uso mara nyingi ni raia. Ukilitunza hilo, msomaji atajua nani alitumikia jeshi na nani hakutumikia bila wewe kueleza.

Mahiwa sasa. Mapigano yalikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, karibu na Nyangao, barabara ya Lindi kwenda Masasi. Usimwite Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, "Jenerali" katika sura hiyo. Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali, na umeja jenerali aliupata baada ya habari za Mahiwa kufika Ujerumani. Alikuwa na watu wapatao 1,500 dhidi ya karibu 5,000 wa upande wa Waingereza, wengi wao Wanigeria na KAR (King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa Mwingereza huku kwetu). Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao, waliokufa na waliojeruhiwa. Lakini usiandike sherehe. Yeye alipoteza mamia ambao hakuwa na pa kuwatoa wengine, na risasi za kisasa zilikuwa zinakwisha. Ndiyo maana tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma pale Ngomano kwenda kuteka silaha za Wareno. Babu wa mhusika wako akumbuke njaa na wapagazi. Mbinu za vita ni mambo ya maofisa.

Shangani_Mtwara:

Nijibu la biashara. Watu hudhani kanali mfanyabiashara ni kichekesho cha Marekani. Si kweli, ni cha zamani sana. Katika Uingereza ya karne ya 17 na 18, rejimenti ilikuwa kama mali ya kanali wake. Serikali ilimpa fedha za sare zilizokatwa kwenye mshahara wa askari, naye akitafuta kitambaa cha bei nafuu, kinachobaki ni chake. Vyeo vyenyewe viliuzwa kwa bei rasmi. Kwa orodha ya 1821, luteni kanali wa askari wa miguu alilipa pauni 4,500, na kepteni 1,800. Ukanali kamili haukuuzwa. Biashara hiyo ilifutwa 1871.

Marekani walifanya jambo jingine: gavana wa jimbo anaweza kumpa raia ukanali wa heshima, bila askari hata mmoja. Harland Sanders, yule wa kuku wa KFC, aliupata Kentucky mwaka 1935. Jeshini alipita kidogo tu huko Cuba akiwa kijana, wala hakuwa afisa. Suti nyeupe na tai ya kamba alianza kuvifanya vazi lake la kazi baadaye, alipopewa tena cheo hicho. Mkataba wake wa kwanza wa kumruhusu mwenye mgahawa mwingine kupika kuku wake ulikuwa 1952, jimbo la Utah, yeye akiwa na miaka 62. Mwaka 1964 aliiuza kampuni kwa dola milioni 2, akabaki kulipwa kama uso wa chapa. Baadaye alilalamika hadharani kwamba mchuzi umeharibiwa, lakini sufuria hazikuwa zake tena. Tom Parker, meneja wa Elvis Presley, ni mfano mkali zaidi: Mholanzi wa Breda, ukanali wa heshima alipewa Louisiana 1948, na ilifika wakati akichukua hadi nusu ya mapato ya msanii wake.

Wako ni tofauti na hawa wawili, kwa sababu cheo chake ni cha kweli. Akitaka kukiweka kwenye magunia, aende BRELA kusajili jina la biashara, na alama ya biashara ni ombi jingine kabisa. Ila usimvalishe sare dukani. Sheria haimruhusu raia kuvaa sare za jeshi, na mstaafu ni raia.

Kitangari_Korosho:

Kanali unayemtafuta yuko Brazil, ndugu yangu, nchi iliyotuletea mkorosho wenyewe kupitia kwa Wareno. Mwaka 1831 waliunda Walinzi wa Taifa, na matajiri wa ardhi wakapewa ukanali. Miaka ya 1889 hadi 1930 "kanali" wa kijijini alikuwa bwana wa shamba: anakopesha mbegu na chakula, anaamua mgogoro, ana watu wenye bunduki, na siku ya uchaguzi kura za watu wake zinakwenda anakotaka. Wa kakao huko Ilhéus ndio waliojaa katika riwaya za Jorge Amado. Mkopo ndiyo nguzo ya yote, bunduki inafuata nyuma.

Sasa linganisha na kangomba, yaani kununua korosho za mkulima mapema nje ya mfumo rasmi. Mkulima ana shida mwezi wa sita, anahitaji salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na ada ya shule. Kanali anampa fedha, analipwa kwa korosho za Oktoba kwa bei ya kutupa. Lakini kwenye stakabadhi ghalani, mfumo rasmi wa kuuza kupitia ghala, korosho hupita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa jina la mkulima, kwa hiyo anahitaji majina ya watu. Novemba 2018 Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, ikatuma JWTZ kusomba, na uhakiki wa mashamba ukaanza. Hapo ana tani 10 na hana shamba. Hesabu: nafasi ya mita 12 kwa 12 ni mikorosho 28 kwa ekari. Ukikadiria kilo 10 kwa mti, tani 10 zinataka karibu ekari 36. Na anayemhoji ni afisa kijana aliyepaswa kumwita Afande.

Vitabuni jihadhari na García Márquez, mwandishi wa Kolombia. Kanali Aureliano Buendía alianzisha vita 32 akashindwa vyote, na kanali wake mwingine, asiye na jina, anasubiri barua ya pensheni miaka 15. Balzac, Mfaransa, ana Kanali Chabert, aliyehesabiwa amekufa vitani Eylau 1807, akarudi akakuta mke ameolewa na mali imekwenda.

Mlima_Makonde:

Asanteni sana, wakuu. Nilikuwa nimepanga kanali wangu naye asubiri pensheni. Niliache hilo?

Nyangao_17:

Mpe babu. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo ya askari wa zamani waliokuwa hai mwaka 1964, miaka 46 baada ya vita kwisha. Mzee wa Nyangao anayesubiri malipo hayo hajaandikwa na Márquez.