Kodi inapanda miezi miwili ijayo: ninunue friji kwa mkopo sasa au nisubiri?

Wakuu, naombeni ushauri. Sheria imeshapita, kodi ya ongezeko la thamani inatoka asilimia 15 kwenda 18. Friji yangu bado inagandisha, ila mlango naufunga kwa kamba. Muuzaji ananiambia niwahi, na yuko tayari kunikopesha kwa mwaka mzima. Taslimu sina. Mke wangu anasema tusubiri.

Mpiga Hesabu: Mkuu, riba ni ngapi? Hujaiandika, na ndiyo swali lenyewe. Kodi hukaa juu ya bei isiyo na kodi, kwa hiyo kutoka 15 hadi 18 bei nzima inapanda kama asilimia 2.6 tu. Ukilipa riba ya 12 kukwepa 2.6, umekwepa nini?

Kobe Mzee: Muuzaji anajua anachofanya. Japani ilipopandisha kodi ya matumizi kutoka 5 hadi 8, tarehe 1 Aprili 2014, watu walinunua kwa pupa kabla ya siku hiyo, robo iliyofuata uchumi ukanywea. Ujerumani walicheza kinyume: Julai hadi Desemba 2020 walishusha kutoka 19 hadi 16 makusudi, ili watu wanunue mapema. Tarehe ikishaandikwa kwenye sheria, wanunuzi wanasogea wenyewe. Pupa ikiisha, huenda muuzaji akabaki na mzigo, na hapo unapatana naye vizuri zaidi.

Baba Pacha: Nunua tu. Kamba nayo ina mwisho wake.

Dada Kifungu: Kabla hujasaini, uliza kodi inahesabiwa siku ya ankara, ya malipo au ya kupokea mzigo. Unaweza kusaini leo, friji ikaja baada ya tarehe, ukadaiwa kodi mpya na riba juu yake. Soma pia kama ukimaliza deni mapema unatozwa faini. Umoja wa Ulaya humpa mlaji siku 14 za kujitoa kwenye mkopo bila kutoa sababu. Tazama kama sheria ya kwenu ina kipengele cha namna hiyo.

Mwenye uzi: Nimerudi kwa muuzaji kuuliza. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na inahesabiwa kwenye deni lote la mwanzo hata ukishalipa nusu. Mpiga Hesabu, usicheke. Mke wangu kausoma uzi wote, mpaka kwa Baba Pacha. Nimenunua kamba mpya.