Wakuu, Jumamosi naweza kwenda wapi hapa Dar kwenye mijadala ya maana?

MtuWaKeko: Habari za jioni wakuu. Naulizia sehemu za kufikirisha hapa mjini, mijadala, mashairi, maonyesho ya sanaa, sio kila siku nyama choma na bongo fleva. Iwe Jumamosi mchana na pawe na watu wengi wengi. Ushauri wa haraka, sina raha kabisa.

BiMkora: Nafasi Art Space, Mikocheni. Wasanii wana studio zao palepale, unamkuta mtu ndala zimejaa rangi, unamuuliza hii picha inasemaje na anakujibu bila maringo. Vitabu nenda Soma, hukohuko Mikocheni. Upanga kuna vituo vya utamaduni, Goethe ya Wajerumani na Alliance ya Wafaransa, ila cheki ratiba zao kwanza usije ukakuta geti limefungwa.

MzeeKirungu: Mijadala ni Mlimani bwana, Chuo Kikuu. Nkrumah Hall, lile jengo la kwenye noti ya zamani ya 500. Mimi nimeingia pale nikiwa kijana, yule mwanahistoria Walter Rodney bado anafundisha, watu tunasimama ukutani hadi miguu inakufa ganzi na hakuna anayeondoka. Nyie mnaenda kupiga selfie.

DotoKimara: Mleta mada, watu wengi wa nini? Anayependa mijadala anataka asikie, wewe kama unatafuta pa kujificha.

MtuWaKeko: Napenda tu uchangamfu mkuu.

DotoKimara: Funguka tukusaidie.

MtuWaKeko: Haya. Wife anajua Jumamosi huwa nipo klabu ya vitabu, kumbe nipo na washkaji tunaangalia mpira, na sioni dhambi hapo, pombe sinywi. Sasa shemeji yangu kaja toka Songea, ni mwalimu wa historia, anataka twende wote watatu. Nataka sehemu ambayo hakuna atakayeniambia "karibu mgeni". Nimeshawaambia ni Nafasi kwahiyo msinihamishe.

BiMkora: Umeshaamua, unatuuliza nini sasa? Na mwalimu wa historia unampelekaje kwenye rangi! Mpeleke Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, akasome habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale lililopatikana Olduvai 1959, mkitoka mshuke hadi Old Boma, lile jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Atasahau hata kukuuliza.

MtuWaKeko: Klabu ya vitabu makumbusho? Nitasema tunasoma fuvu?

MamaNeema: Ndoa haijengwi kwa uongo mdogo wangu. Wangu alikuwa anaaga anaenda kwaya, nikamfuma Mwenge anacheza pool na joho la kwaya lipo kwenye mfuko wa Rambo. Mpaka leo nikisikia kinanda napandwa na hasira.

ChapatiMbili: Wakuu hii chai. Huyuhuyu juzijuzi alileta uzi anatafuta mchumba "asiyependa makuu". Wife katoka wapi?

DotoKimara: Nimeufukua, upo kweli 😂😂

MtuWaKeko: Ule aliandika binamu yangu, alishika simu yangu.

ChapatiMbili: Basi shemeji ni wa binamu. Ongezeni tangawizi.

MamaNeema: Hata kama ni chai mimi joho nililiona kwa macho yangu.

MzeeKirungu: Chai au sio chai, Jumamosi nipo Nafasi. Nitavaa kofia ya ukindu na nikikuona nitakuita Mwenyekiti wa klabu mbele ya shemeji yako.

MtuWaKeko: Mzee shikamoo, usifanye hivyo tafadhali. Halafu hapo Nafasi mtu akitokea Keko anashukia kituo gani?