Naomba ushauri: mkongwe wetu amechoka, kijana anasubiri benchi

Hamjambo wadau. Nafundisha timu ndogo ya besiboli hapa Kisumu, mazoezi tunafanyia uwanja wa shule upande wa Mamboleo. Mlinzi wetu wa kati ya besi ya pili na ya tatu ana miaka 37, na ndiye aliyetufunza wengi kushika glavu. Sasa mkono umeisha. Jumamosi alirusha kwenda besi ya kwanza, mpira ukadunda mara mbili njiani, mkimbiaji alishapita kitambo. Akabaki anaitazama glavu kana kwamba ndiyo yenye makosa.

Kuna kijana wa miaka 18, mwepesi kweli, ila gongo lake bado linapiga hewa. Nilimwingiza katikati ya mechi. Kanuni hazimruhusu aliyetoka kurudi, basi mzee akaninunia wiki nzima. Nimemgusia kuhamia besi ya kwanza, ambako harushi mbali. Akacheka tu.

Je, nimwache mzee awe mpigaji tu, ampigie mrusha mpira zamu zake, kijana alinde? Na nimwambie kando au mbele ya wenzake? Tunacheza Jumapili ijayo.